Kichuguu cha Mrushaji

Hadithi, hadithi! Zamani msimulizi akianza hivyo, wasikilizaji waliitikia, "Hadithi njoo." Kwetu siku hizi hatuitikii hivyo, kwa sababu tumejifunza kwamba vinavyoitwa huja, na vikija havipigi hodi. Basi mimi nitasimulia, nawe kaa kimya, na ukiweza kaa karibu na mlango wa nyuma.

Nchi yetu siitaji jina. Kulitaja bila heshima ni kosa, na kulitaja kwa heshima kunahitaji kibali. Inatosha kusema ni nchi ya amani. Amani yetu ni nyingi mno hata askari hutembea nayo mikononi. Ni ndefu kama mkono wa mtu mzima na imechongwa kwa mti wa mninga.

Mchezo wetu wa taifa ni besiboli. Mtukufu Mwasisi aliuona akiwa ziarani ng'ambo, akaupenda papo hapo alipoona wachezaji wanaingia uwanjani na marungu. Aliporudi akaufuta mpira wa miguu. "Mpira wa miguu unamfundisha raia kukimbia," alisema katika hotuba yake, "na raia akishajua kukimbia, mtampata wapi?" Mwandishi mmoja wa habari, ambaye sasa ni marehemu, aliuliza mbona hata katika besiboli watu hukimbia. Mtukufu alimjibu kwa upole. "Katika besiboli mtu hukimbia kwa nguvu zake zote, huzunguka vituo vyote, hurudi palepale alipoanzia, na watu humshangilia. Huo ndio mpango wetu wa maendeleo."

Kwa msomaji asiyeujua mchezo: ndani ya uwanja kuna kilima kidogo tunachokiita kichuguu. Mrushaji husimama juu yake, humtupia mpira mpigaji mwenye rungu, na nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Mengine si lazima. Lakini kanuni za dunia zinataka kichuguu kiwe cha udongo mtupu, na naomba uukumbuke udongo huo, kwa kuwa Serikali iliusahau.

Si kawaida yake kusahau udongo. Kwetu, mtu akifa na maiti yake isipatikane, ndugu huenda mahali damu yake ilipomwagika, huchota udongo wa pale, huufunga katika nguo, huuleta nyumbani na kuuzika. Hapo ndipo marehemu huhesabiwa kuwa amerudi, na hapo ndipo watu huruhusiwa kulia. Bila udongo hakuna msiba, na bila msiba hakuna mkusanyiko. Serikali inaijua sana mila hii, ndiyo maana mahabusu zetu zote zina sakafu ya saruji, na huoshwa mara tu kazi inapokwisha. Wageni kutoka nje husifia usafi wake.

*

Tatizo letu lilikuwa vijana. Hawakuja uwanjani. Viti vilijazwa na watumishi wa umma, wafungwa waliovalishwa nguo za kiraia, na wanafunzi wa shule za msingi walioletwa kwa malori na kukalishwa jukwaa la mashariki. Katika hao wote, wafungwa ndio waliojua kushangilia. Walikuwa wakifurahia upepo.

Waziri wa Michezo, Vijana na Utulivu, Mheshimiwa Dokta Shebuge, alijaribu kila njia. Alitoa fulana. Alitoa onyo. Alifunga barabara zote isipokuwa ile inayokwenda uwanjani. Mwishowe akaleta mtaalamu kutoka ng'ambo, mtu mwembamba aliyekuwa akinywa maji tu. Mtaalamu alitazama viti, akatazama simu yake, akasema kwamba vijana wa leo huwapenda wachezaji wanaosema ya moyoni mitandaoni bila kuogopa. Kisha akapanda ndege bila hata kusubiri chakula.

Waziri akawakusanya wachezaji wote kambini.

"Kuanzia leo," alisema, "kila mchezaji atafungua ukurasa wake mtandaoni na atasema anachofikiri. Bila woga! Asiyesema bila woga atakiona cha mtema kuni."

Wachezaji wakatazamana. Likwawa, mdakaji wa timu, mtu wa mizaha, akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, tuseme kuhusu nini?"

"Lolote. Mna uhuru."

"Na uhuru huo una mipaka?"

"Hauna mipaka hata kidogo," alisema Waziri. "Ila usiivuke."

Likwawa akafungua ukurasa, akaweka picha ya sahani ya wali, akaandika kwamba hana la kusema. Asubuhi yake akavunjwa vidole viwili vya mkono wa kulia kwa kosa la kunyamaza. Mpigaji mmoja alipoona hivyo akaandika haraka kwamba maharage ya kambini yana wadudu. Huyo aling'olewa meno ya mbele kwa koleo, ili maharage yasimsumbue tena. Wizara ikatoa taarifa kwamba wa kwanza kaadhibiwa kwa kutosema na wa pili kwa kusema, na kwamba hakuna mkanganyiko wowote.

Zamu ikamfikia mrushaji.

*

Mrushaji aliitwa Bakiri Nandonde. Ni kaka yangu, na Bi Somoe, ambaye utamkuta mbele, ni mama yetu. Nalisema mapema usije ukadhani napendelea.

Bakiri hakuwa msemaji. Alikuwa mtu wa kurusha mpira, kuoga, na kuja nyumbani kumsaidia mama kumenya mihogo. Siku hiyo alikaa kwenye kizingiti cha jiko, kisu mkononi, mhogo hajaugusa.

"Mama, nimeambiwa niseme ninachofikiri."

"Unafikiri nini, baba?"

"Nafikiri nitapigwa."

"Hilo usiliseme, wataliita uchochezi."

"Na nikinyamaza wananivunja vidole kama Likwawa. Mrushaji bila vidole ni mtazamaji tu."

Mama akafunika chungu. "Basi sema kitu cha kweli na kidogo. Kidogo kabisa. Kitu ambacho hata mwenye hasira atakosa pa kukishika. Zaina, mshikie simu."

Nikamshikia. Bakiri akajifuta mikono kwenye suruali kana kwamba anaenda kumwamkia mkwe. Akasema: "Naitwa Bakiri, narusha mpira. Nafikiri paa la jukwaa la mashariki limeoza. Nguzo zake ukizigusa zinamwaga unga. Wale watoto wanaoletwa kwa malori wakalishwe upande mwingine. Asanteni, karibuni uwanjani."

"Hilo ndilo dogo?" nilimuuliza.

"Si ni paa tu jamani," alisema.

Hatukujua kwamba paa lile lilizinduliwa na Mtukufu Mwasisi mwenyewe, tena mara mbili.

*

Walimfuata Jumamosi, mechi ikiendelea. Sajini Kapungu na askari wanne walitoka kwenye kibanda cha wachezaji, wakachukua kila mmoja rungu la besiboli, wakapanda kichuguu. Bakiri alidhani ni wapigaji wa akiba, akawapisha.

Walimpiga kwanza magoti ili ainame, kisha mgongo kwa sababu ameinama. Rungu likigonga mfupa halitoi sauti kubwa kama unavyodhani. Ni kama mtu anatwanga kisamvu nyumba ya jirani. Alipojaribu kujikinga, Sajini Kapungu akamwambia autandaze mkono wa kurushia chini, akakikanyaga kiganja, akaupiga kiwikoni mpaka ukakunjika upande usiokunjika. Mwamuzi alisimama karibu, akatamka kwamba mapigo yote yalikuwa halali. Likwawa alitaka kuinuka alipochuchumaa. Akapigwa teke la kidevu akakaa. Wanafunzi wa jukwaa la mashariki waliamriwa waimbe, wakaimba.

Mmoja wa wafungwa alikuwa na simu. Usiniulize aliipataje. Kufikia Jumapili nchi nzima ilikuwa imetazama, na idadi ya waliotazama ilizidi wapiga kura wote, hata ukiwahesabu marehemu, ambao kwetu hupiga kura.

Kijana wa Wizara anayeshughulikia mitandao alimpelekea Waziri simu, akijua atalaumiwa kwa aibu hiyo. Waziri aliisoma ile namba.

"Lini mechi yetu iliwahi kutazamwa hivi?"

"Haijawahi, mheshimiwa."

"Na wanaotazama ni nani?"

"Vijana, mheshimiwa. Wote vijana. Lakini wanalia. Wameweka vijisura vya machozi."

"Machozi ya furaha."

"Vingine vyekundu, vya hasira."

"Hiyo ndiyo hamasa!" Waziri akasimama, akamkumbatia yule kijana. "Miaka yote tunawapa besiboli, kumbe wanataka hiki!"

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa Kipindi cha Nidhamu. Kila Jumamosi, katikati ya mechi, Bakiri alipandishwa kichuguuni akapigwa mubashara mtandaoni. Sajini Kapungu na wenzake walishonewa jezi zenye namba, wakafunguliwa kurasa zao, wakafundishwa kutabasamu kabla ya kupiga. Kampuni moja ya bandeji ilidhamini. Daktari bingwa aliyekuwa amenyimwa kibali cha kwenda kutibu wajawazito mikoani aliletwa kambini, kazi yake kumtengeneza Bakiri katikati ya wiki ili Jumamosi apatikane mzima kiasi cha kuvunjika. Walipomvunja mbavu, mtangazaji alizitaja moja moja kwa sauti ya kupanda. Walipompasua sikio, ilirudiwa polepole. Na kila Jumamosi watunza uwanja walichanganya damu na udongo kwa reki, kichuguu kikawa chekundu kuliko uwanja wote, na mtangazaji akasema rangi hiyo inapendeza kwenye kioo cha simu.

*

Bi Somoe alivaa kanga zake mpya akaenda Wizarani. Nilimsindikiza. Karani wa mapokezi aliposikia jina la Nandonde aliinuka kitini.

"Wewe ndiye mama yake? Hongera, mama! Mwanao anatazamwa kuliko Mtukufu!" Akajiziba mdomo, akatazama juu darini, akarekebisha: "Karibu kama Mtukufu."

"Nimekuja kumchukua," alisema mama.

"Kumchukua wapi, mama? Yuko juu sasa hivi!"

Tulipelekwa kwa Waziri. Dokta Shebuge alimpokea mama kwa mikono miwili, akamwamkia shikamoo, akamkalisha kwenye kochi lenye mto.

"Marahaba," alisema mama. "Mheshimiwa, mimi sijui mambo ya mtandao. Nina mtoto mmoja wa kiume. Nirudishie."

"Mama, si mimi ninayemshikilia. Ni vijana. Wao ndio wanaomtazama. Mimi ni mtumishi wao tu."

"Kwa hiyo wakiacha kumtazama?"

Waziri akacheka, kama mtu anayeulizwa kuhusu siku ambayo jua halitachomoza. "Wakiacha kumtazama, mama, nitamwachia siku hiyohiyo. Nitamweka wa nini?"

"Unaniahidi?"

"Mbele ya binti yako huyu."

Mama akainuka. Hakugusa soda aliyoletewa.

*

Alianza mtaani kwetu. Alipiga hodi kila mlango uliokuwa na kijana, na kwa kuwa kila mlango ulikuwa na kijana, miguu yake ilivimba. Nami nikaandika maneno yake mtandaoni, wengine wakayapokea, yakaenda mikoani. Maneno yenyewe yalikuwa haya tu: Jumamosi, msimtazame mwanangu.

Kijiweni kwa waendesha bodaboda alibishana naye Chande, kijana mwenye domo kubwa kuliko honi yake.

"Bibi, sisi hatutazami kwa raha. Wallahi natazama mpaka natapika. Tunatazama ili wajue tunaona."

"Wale hawajui kwamba unaona, mjukuu wangu. Wale wanajua kuhesabu tu. Wewe kwao ni moja."

"Sasa tukiacha, nani atakuwa anaona?"

"Mungu."

"Mungu hana bando, bibi."

Wenzake wakaguna kwa haya. Bi Somoe hakukasirika. "Bando la Mungu haliishi," alisema. "Ninyi zimeni yenu. Ameniahidi."

Chande akainamisha kichwa. "Sawa, bibi. Tutazima. Lakini ahadi ya waziri ni kama breki za pikipiki yangu."

"Zikoje?"

"Zipo."

Ilipofika Jumamosi, vijana wa nchi nzima walizima simu zao. Mtaani kwetu walizitia ndani ya madebe ya unga, wakafunika, wakakaa juu ya vifuniko. Yangu niliitia katika debe letu la jikoni, nikatoka kuketi barazani na majirani. Mchana ule ulikuwa kimya hata ukasikia kuku akikwaruza upande wa pili wa barabara. Mama aliniambia anakwenda jikoni kupika, kwa sababu Bakiri akirudi atakuwa na njaa.

Yaliyotokea uwanjani tumeyajua kwa Likwawa, ambaye alichuchumaa pale siku nzima na vidole vyake vilivyofungwa. Kulikuwa na ubao mkubwa wa kuonyesha idadi ya watazamaji. Kipindi cha Nidhamu kilipoanza, ubao ukaonyesha sifuri. Wakadhani umeharibika, wakaupiga makofi. Baadaye kidogo ukaonyesha moja. Ukabaki hapo.

Waziri aliteremka mbio kutoka jukwaa kuu. "Wamechoka!" alipiga kelele. "Vijana wamechoka! Nini kimekosekana?"

"Mheshimiwa," alisema yule kijana wa mitandao, "mama yake aliomba wasitazame. Na wewe uliahidi..."

"Niliahidi wakiacha kupenda! Hawajaacha kupenda, wamechoshwa na ulaini! Kapungu, unapiga kama unafua shuka!"

Sajini Kapungu alikuwa mtu wa kujali kazi yake, na maneno yale yalimwingia. Likwawa anasema kwamba hapo Bakiri alikuwa amelala kifudifudi, na alikuwa ameuona ubao. Aligeuza kilichobaki cha uso wake akamuuliza, "Ni nani huyo mmoja?" Likwawa akamwambia hajui. Bakiri akasema, "Mimi namjua." Kisha walimpiga kichwani, wote watano, na hawakupokezana kama desturi ya kipindi ilivyo, walipiga pamoja. Rungu moja likakatika, wakaletewa jingine. Walimpiga mpaka kofia yake ikawa haina pa kukaa. Kila baada ya pigo Waziri aligeuka kutazama ubao, na ubao ulisema moja.

Walipomaliza, Waziri akatimiza ahadi. Alisema, "Mwachieni." Wakamwachia, akateleza kutoka kichuguuni, wakamburuta kwa miguu hadi kwenye gari, na gari halikusema linakwenda wapi.

Jioni nilikwenda jikoni kuitoa simu. Chungu kilikuwa kimeungua. Simu haikuwa ndani ya debe. Ilikuwa juu ya kinu, ina moto kwa kutumika, na kioo chake chote kilikuwa na alama za vidole vya unga. Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti pale alipokaa Bakiri.

"Niliwakataza watoto wa watu," alisema. "Mimi nisingeweza kumwacha apigwe peke yake."

*

Wizara ilimtafuta yule mtazamaji mmoja kwa mitambo yake yote, ikampata Jumatatu. Tuliposikia magari mlangoni tulijua wamekuja kutumaliza. Lakini aliyeshuka kwanza alikuwa na shada la maua ya plastiki, na wa pili alikuwa na kamera.

"Tunamtafuta shabiki pekee mwaminifu katika nchi nzima," alisema yule mwenye maua. "Aliyetazama Jumamosi hadi mwisho. Ni nani?"

"Ni mimi," alisema mama.

Wakatazamana. "Kampeni yetu ni ya vijana, mama. Una umri gani?"

"Nilizaliwa mwaka wa nzige."

"Nzige wapi tena? Haya, andika kijana." Wakamvalisha fulana juu ya kanga. "Umeshinda tuzo ya Shabiki Kijana wa Mwaka. Unaombwa kusema unachofikiri."

"Nataka maiti ya mwanangu."

Mwenye kamera akazima kamera. Mwenye maua akaeleza kwa upole kwamba maiti haipo. Kwamba mchezaji husika amehamishiwa timu ya nje ya nchi. Kwamba hata kama maiti ingekuwepo, ingekuwa kumbukumbu ya mchezo, mali ya Serikali. Kisha akataja zawadi: Jumamosi mama angepelekwa uwanjani kwa gari la Wizara, asimame kwenye kichuguu mbele ya taifa, arushe mpira wa ufunguzi.

Mama alikuwa akiyatazama yale maua ya plastiki. "Kwenye kichuguu chenyewe?" aliuliza.

"Chenyewe, mama."

"Hawajakimwagia saruji?"

"Saruji!" Yule mtu akacheka. "Mama, kile ni cha viwango vya kimataifa. Udongo mtupu!"

"Nitakuja," alisema mama.

Walipoondoka aliniambia nimfulie ile kanga aliyovaa siku Bakiri alipozaliwa.

*

Vijana walisikia, na Jumamosi hiyo waliwasha simu zao, maana safari hii Bi Somoe hakuwakataza. Walimwona akipanda kichuguu na fulana yake ya kijana. Walimwona Waziri akimpa mpira na kipaza sauti na kusema, "Shabiki wetu, sema bila woga!"

Mama aliutazama mpira, akamrudishia Waziri kama mtu anayekataa karanga. Akapiga magoti. Akaitandika kanga yake chini, akaanza kuchota.

"Mama, rusha mpira," alisema Waziri, akiendelea kutabasamu kwa kamera.

Mama alichota.

"Kapungu!"

Sajini Kapungu alimpiga rungu mkononi, chini kidogo ya kiwiko. Tuliouona mkono ule kwenye simu tulidhani umekatika, ulivyoning'inia. Mama alitoa sauti kama ya mtu aliyeinua kitu kizito. Akauhamisha uzito upande wa pili, akachota kwa mkono wa kushoto. Akapigwa begani, akaanguka juu ya kanga, akafunga fundo kwa meno akiwa amelala hapohapo. Halafu akainuka, akashika njia ya lango, na hakuna askari aliyemzuia, kwa sababu hakuna kanuni ya besiboli wala ya polisi inayokataza mtu kutoka na udongo. Serikali haikuwahi kufikiria kwamba itahitajika.

Watazamaji wa siku hiyo walizidi wa siku zote. Waziri alipoonyeshwa namba alilia. "Udongo!" alisema. "Kumbe wanapenda udongo!" Kabla jua halijatua Wizara ilishatangaza Tamasha la Udongo Jumamosi ijayo, kiingilio bure, kila kijana aje achote.

Nao wakaja.

Sijawahi kuona vijana wengi namna ile, na Wizara pia haijawahi. Walijaza barabara zote, hata zile zilizofungwa. Walikuja na kanga za mama zao, vilemba vya baba zao, mifuko ya plastiki, kofia za pikipiki. Hawakuketi vitini. Waliingia moja kwa moja hadi kwenye kichuguu, wakachota kimya kimya, kila mmoja kiganja kimoja, wakatoka, wakaingia wengine. Kwa muda mrefu Waziri alikuwa akitangaza kwenye kipaza sauti kwamba rekodi imevunjwa, kwamba vijana wamerudi, kwamba adui wa besiboli ameaibika. Ndipo mzee mmoja wa itifaki alipomnong'oneza mila ya udongo ni nini, na kwamba anachokitazama si tamasha. Ni msiba.

"Wapigeni," alisema Waziri, kipaza sauti kikiwa bado wazi, na nchi nzima ikasikia.

Askari wakaingia na marungu. Waliwapiga walioinama kwa kuwa wameinama na waliosimama kwa kuwa wamesimama. Msichana mmoja alipasuliwa utosi, akaendelea kuchota, damu yake ikidondokea katika udongo uleule, na aliyekuwa nyuma yake akachota vyote viwili. Chande alivunjwa taya, lile domo lake likanyamaza kwa mara ya kwanza, naye akaujaza udongo kwenye kofia ya pikipiki akatoka akiikumbatia. Walioanguka, udongo wao ulibebwa na waliobaki. Askari wengine walipanda juu ya paa la mashariki ili wapate kulenga risasi vizuri. Paa likashuka nao. Taarifa ya Wizara ilieleza kwamba lilishuka kwa hiari.

Kufikia machweo hapakuwa na kichuguu. Pale kilipokuwa palikuwa na shimo refu kuliko kaburi, na uwanja wetu wa taifa haujachezewa tena, kwa sababu kanuni za dunia haziruhusu mrushaji asimame shimoni.

Udongo waliuleta kwetu. Waliingia mmoja mmoja, wakimwaga uani, wakimpa mama pole na kupisha wengine. Likwawa aliupanga kwa ule mkono wake mzima. Ukapanda, ukafika urefu wa dirisha la jiko. Mama alikaa mbele yake mkono ukiwa umefungwa kwa kipande cha fulana ya tuzo, na hakuna aliyelia, kwa sababu mwenye msiba alikuwa hajaruhusu. Walijaa uani, barazani, barabarani hadi kwenye lami, wengine wanatoka damu, wote kimya wanamtazama yeye.

Akafungua fundo la kanga yake mwenyewe, lile alilolifunga kwa meno, akaumwaga udongo wa mwisho juu. Akausawazisha kwa kiganja, kama anavyolisawazisha shuka la mtoto. Kisha akasema lile neno ambalo kwetu hatulisemi tena.

"Njoo," alisema. "Njoo, baba. Usipige hodi, ni kwenu."